Sumu ya Beseni

Harufu ya chuma kilicholowekwa kwenye maji ya moto ya chumvi siipendi, na siku hizi inanifuata mpaka mjini. Juzi nilikuwa Singida mjini, natoka kumnunulia mwanangu viatu vya shule, nikapita mbele ya kibanda chenye spika kubwa mlangoni. Spika inapiga kelele zile zile: toa sumu mwilini, kisukari kwaheri, presha kwaheri, ganzi kwaheri. Ndani ameketi mama wa makamo, kitenge kakipandisha magotini, miguu imo kwenye beseni la bluu lenye waya. Maji yalikuwa yameanza kugeuka rangi na yeye anayatazama kwa furaha. Nikasimama pale na viatu vya mwanangu mkononi. Kijana wa mlangoni akasema, "Karibu dada, kupima ni bure." Nikaondoka zangu, maana nilijua nikifungua mdomo nitatukana.

Wa rika langu mnawakumbuka watu hawa. Walianza kuja na gari dogo lenye vipaza sauti, wakapanga chumba kimoja, wakakaa msimu mmoja, wakahama. Kwetu Shelui walipanga chumba jirani na mashine ya kukamua alizeti, na walipoondoka waliacha misumari ukutani tu. Sisi walituachia kaburi, na kitu kingine ambacho nimechelewa sana kukijua ukubwa wake.

Mama yangu alikuwa anauza kuku wa kuchoma na mayai ya kuchemsha kando ya barabara kuu, pale malori yanapopumzika baada ya kuteremka mlima wa Sekenke, breki zinanuka kuungua na madereva wana njaa ya kutosha. Baba alikuwa utingo kwenye malori hayo hayo, kwa hiyo tulimwona alipopita, na mara nyingine alipita bila kushuka. Nyumbani tulikuwa watatu: mama, mimi, na mama mdogo Ruti, mdogo wake mama wa tumbo moja, ambaye mama alimbeba mgongoni akiwa mchanga na baadaye akaja kumtunza mama alipoanza kuugua.

Mama alikuwa na kisukari. Mimi nilivyosikia neno hilo nilimwonea wivu. Niliamini kabisa kwamba ndani ya tumbo lake kuna sukari, labda kilo nzima, na kwamba watu wazima wanamnyima chai tamu kwa sababu yeye ana yake ya kutosha. Mama mdogo ndiye aliyekwenda naye kituo cha afya na kusikiliza maneno ya nesi, maana mama mbele ya nesi aliitikia kila kitu na akifika nje ameshasahau. Mama mdogo hakusahau. Alijua vidonge vya asubuhi na vya jioni. Alimkatia mama ugali wa uwele kwa bakuli dogo la plastiki, na mlenda akauacha umwagike utakavyo, kwa sababu mlenda haukuwa na kesi. Jioni alimwosha miguu kwa maji ya uvuguvugu, upesi upesi, halafu akaikausha kwa kipande cha khanga katikati ya kila kidole.

"Ruti, mimi nimekubeba mgongoni," mama alikuwa anamtania. "Leo unanipimia tonge?"

"Nakupimia, dada. Siku ukipona nitakupakulia sinia zima, ule mpaka uombe msaada."

Wakicheka wale wawili, hata kuku wa jirani walikimbia. Nyumba ilikuwa na ugonjwa ndani yake lakini ilikuwa nyumba yenye raha. Nalisema hili kwa sababu wengine wanaozisimulia siku zile wanasema ndugu wale walikuwa hawapatani tangu mwanzo. Ni uongo. Mimi nililala kati yao kitanda kimoja.

Sasa, kuhusu neno lenyewe. Kwetu Iramba sumu ilikuwa na maana moja tu. Sumu haiingii mwilini yenyewe, sumu unatiliwa. Ina mtu wake, ina chuki yake, na kwa kawaida inatoka kwenye mkono unaoufahamu. Ndiyo maana babu akiletewa pombe ya mtama, aliyeileta alipiga funda la kwanza mbele yake, na hilo liliitwa kutoa sumu. Hakuna aliyekasirika. Ilikuwa heshima, kama shikamoo. Hata mimi nikimpelekea babu togwa nilitoa sumu kwanza, na nikatoa nyingi kwa sababu ilikuwa tamu.

Basi gari lile lilipopita na vipaza sauti likitangaza kwamba amekuja mtaalamu wa kutoa sumu, mimi niliona ni kazi ya kawaida. Nilijiuliza tu kwa nini watu walipe.

Tulimwita dokta. Hakuna aliyemuuliza udokta wake aliusomea wapi. Koti jeupe lilitosha. Alikuwa na sauti laini, aliwaamkia wazee shikamoo kwa kuinama, na alikuwa amejifunza mapema kwamba watu wa huku wanaishi kwa alizeti. Alisimama mlangoni pa chumba chake, akanyoosha kidole kwenye madumu yaliyopangwa nje ya mashine.

"Mama zangu, mafuta yakitoka kwenye mashine mnayala hapo hapo?"

"Hapana," wakaitikia. "Yanatulizwa."

"Yakitulizwa, chini kunabaki nini?"

"Mashapo!"

"Na dumu ambalo halijawahi kusafishwa mashapo tangu linunuliwe, ukitia mafuta mapya yatakuwaje?"

Wakaguna. Kila mmoja alikuwa na dumu la namna hiyo nyumbani. "Basi huo ndio mwili wako," dokta akasema. "Hospitali wanakumiminia vidonge juu ya mashapo. Mimi nasafisha dumu." Nilimwona mama anatikisa kichwa taratibu. Miezi mingapi alikuwa anameza vidonge na miguu bado inakufa ganzi. Mtu akielezwa maradhi yake kwa kitu anachokijua kwa mikono yake, atamwamini nani tena?

Mama akaingia, nami nikamfuata. Dokta akamimina maji ya moto kwenye beseni, akatia chumvi kiganja kizima, akatumbukiza chuma chenye waya kando ya miguu ya mama, akawasha. Maji yakawa na rangi ya machungwa. Yakawa kahawia. Halafu juu yakatanda mapovu machafu yenye vipande vyeusi, na harufu ile ikajaa chumbani. "Hii ya machungwa ni ya viungo," akasema dokta. "Hii nyeusi ni ya ini. Na haya mapovu, mama, ndiyo sukari yenyewe."

Mimi nilikuwa nimesimama karibu namsubiri anywe. Mtu anayetoa sumu anapiga funda. Nilipoona anachukua kitambaa anajifuta mikono nikasema kwa sauti, "Mbona haonji?" Watu wakacheka sana, mama akanifinya. Nilikuja kuelewa nikiwa kidato cha tatu, mwalimu alipotuonyesha kwamba maji, chumvi, chuma na umeme vinatengeneza kutu, miguu iwemo isiwemo. Darasa zima liliona maji yale yale yakibadilika kwenye bika ya kioo. Nilitoka nje nikatapika, wakadhani nina malaria.

Yote hayo yangekuwa hasara ya kawaida, ya kuku wachache, kama mama asingeuliza swali moja.

"Sumu hii yote, dokta. Iliniingiaje?"

"Kwa chakula, mama. Sumu nyingi inapitia kwenye chakula." Akafikiri kidogo. "Nyumbani anayepika nani?"

"Mdogo wangu."

"Basi na yeye mlete."

Leo najua alichotaka. Alitaka mteja wa pili. Kwake sumu ilikuwa neno la biashara, neno la kwenye karatasi za rangi alizobandika ukutani, halina mtu wala chuki. Mama hakusikia hivyo. Alisikia mtaalamu, aliyekwisha kumwonyesha sumu kwa macho yake, anauliza mkono uliomtilia ni wa nani. Tulirudi nyumbani yeye akiwa mbele, akiwapita waliomsalimia njiani.

Mama mdogo alikuwa ameshasonga ugali. Alipakua kama kawaida, akaleta maji ya kunawa. Mama akanawa, akakaa mikono imening'inia.

"Onja, Ruti."

Mama mdogo akadhani ni utani. "Nionje nini, dada? Mlenda umezidi chumvi?"

"Nimesema onja."

Akaonja. Akaonja ugali, akaonja mlenda, macho yake yakiwa kwa mama. Mimi nilifurahi. Niliona mama mdogo anapewa heshima ya watu wazima, kama anavyopewa mtu mbele ya babu, na nikaomba na mimi nionje.

Baadaye mama mdogo alipoambiwa habari za beseni alikataa papo hapo. "Nesi alisema miguu isilowekwe, dada. Tena maji ya moto? Miguu yenye ganzi?" Maneno ya haki kabisa, na ndiyo yaliyommaliza. Mama aliyabeba kesho yake mpaka kwenye meza za kuku na kumweleza Mama Pendo, jirani yake wa biashara. Mama Pendo akaacha kupepea moto. "Anakuzuia usitoe sumu?" akauliza. "Mwenye nia njema atazuia sumu isitoke? Mwenzangu, kikulacho ki nguoni mwako." Nilikuwa hapo namenya mayai. Kabla ya jua kuzama, Shelui nzima ilikuwa inajua kwamba yule binti anayemtunza dada yake amekutwa na jambo.

Ikawa kila mlo anaonja. Kila mlo, mama anatazama koo lake aone limemeza. Mama mdogo alivumilia, na utani ukaisha nyumbani kwetu. Siku moja alionja uji wa asubuhi, akaweka kikombe chini, machozi yakamtoka bila sauti yoyote. Akafunga nguo zake kwenye khanga. Alikuwa anakwenda Sepuka, kwa mjomba wao aliyeoa huko.

Alinipigia magoti mlangoni, mtu mzima mbele ya mtoto. "Vidonge vya mama viko kwenye kopo la maziwa. Asubuhi na jioni, umkumbushe. Miguu umkaushe katikati ya vidole, usisahau kile kidogo cha mwisho." Nikamuuliza atarudi lini. Akasema, "Akiniita."

Nilimkumbusha mama vidonge. Alinikemea, akasema dokta amemwambia kila kidonge ni mashapo juu ya mashapo, na kopo akalitupa chooni. Nililia kwa ajili ya kopo kwa sababu lilikuwa na picha ya ng'ombe.

Akaendelea kwenda kwenye beseni, na mimi namsindikiza. Siku moja maji yalikuwa yanatoa mvuke mzito. Dokta alisema safari hii yawe moto zaidi, vinyweleo vifunguke. Niliingiza ncha ya kidole nikakitoa haraka na kukitia mdomoni. Mama akaingiza miguu yote miwili, akatulia tuli, anaongea na watu. Hakukunja hata uso. Dokta akageukia wateja wengine akasema, "Mnaona? Mwili umeanza kuyapokea." Nami nilijawa na fahari. Niliwaambia watoto wenzangu kwamba mama yangu ni shujaa, haogopi maji ya moto.

Malengelenge yalitokea, yakapasuka, likabaki jeraha chini ya kidole gumba cha mguu wa kulia. Dokta akaliangalia akafurahi. Sumu imepata mlango, akasema, msiuzibe. Mama akaurudisha mguu ule ule kwenye maji yale yale. Jeraha likapanuka, likawa na rangi ambazo sitazitaja, na mama akaanza kulifunga kitenge ili wateja wasilione. Lakini harufu haifungwi kitenge. Wateja wakaanza kununua kwa Mama Pendo. Homa ikamshika, akawa anatetemeka mchana juani. Akanituma nikamwite dokta. Nikakuta mlango una kufuli na mzee wa mashine ya alizeti anafagia mbele yake. "Wamehama," akasema. "Hata mimi hawakuniaga."

Baba alipopita safari hiyo alishuka. Aliingia ndani, akatoka kuzungumza na dereva, halafu akarudi akambeba mama mikononi kama mtoto mpaka kwenye lori. Tukapanda Sekenke sote mbele, mama katikati, dereva amefungua vioo vyote.

Pale hospitali daktari alifungua kile kitenge na kuuliza imekuwaje. Mama akasema kwa sauti ya kuchoka, "Mdogo wangu amenilisha sumu."

Daktari alimpima, akaenda, akarudi. "Mama, hakuna sumu. Ni sukari imepanda mno, na mguu umeungua ukaoza."

"Kweli hakuna?"

"Hakuna hata kidogo."

Mama akageuza uso ukutani. Kisha akamwambia baba, "Niitie Ruti."

Mama mdogo alifika kesho yake kutoka Sepuka, vumbi mpaka kwenye nyusi, na chupa ya uji wa uwele kifuani. Mguu ulikuwa umeshakatwa lakini damu ilikuwa imeharibika, baba alishaambiwa hatapona. Mama mdogo alimwamkia dada yake, akafungua chupa, akamimina uji kwenye kifuniko. Mama akainua mkono. "Usionje," akasema. "Ruti, usionje." Mama mdogo alikuwa ameshaonja. Mkono ulikwenda wenyewe kwa mazoea. Mama akalia sana kupita nilivyowahi kumwona mtu akilia, na uji akaunywa wote. Alikufa kabla ya wiki ile kuisha.

Maneno ya daktari yalibaki hospitali. Baba aliwaeleza watu, lakini nani atamsikiliza utingo ambaye hakuwepo? Waliyoyaona kwa macho yao ni beseni lililojaa sumu nyeusi, mdogo mtu aliyekataa isitolewe, na mtu aliyekufa. Katika msiba nakumbuka mama mdogo akiwa jikoni nyuma ya nyumba, na Mama Pendo akimpokea mwiko taratibu mkononi. "Pumzika wewe," alimwambia, "umefiwa." Wengine wakamkalisha mkekani. Niliona watu wana huruma jinsi gani, na miaka yote iliyofuata nikawa nawasimulia wenzangu wema wa wanawake wa Shelui siku ile.

Mama mdogo ndiye aliyenilea. Hakuolewa. Waliokuja kumposa walirudi walikotoka, na sababu sikuitafuta kwa sababu nilikuwa mtoto na nilifaidi kuwa naye peke yangu. Nilipoolewa mimi, niliwaambia ndugu kwenye kamati ya harusi kwamba msimamizi wa jikoni awe mama mdogo. Wakatazamana. Shangazi mmoja akasema, "Yeye tumempangia kuosha vyombo." Nikakasirika, nikaenda kumwambia kwamba nitawalazimisha. Alikuwa ameketi kwenye kigoda anachambua mchele wa jioni wa sisi wawili.

"Niache na vyombo vyangu, mwanangu," akasema. "Nikishika mwiko, watu watasema wamekula kwao. Sufuria zitabaki zimejaa siku ya harusi yako. Mimi hilo sitaki kuliona mara ya pili."

"Mara ya kwanza ilikuwa lini?"

Akaendelea kuchambua. "Msiba wa dada. Chakula cha mchana wa kwanza nilipika mimi, kabla hawajaninyang'anya mwiko. Hakuna aliyemega tonge. Jioni nilikimwaga chote nyuma ya zizi, peke yangu, nikafukia, wewe usije ukakiona."